Watoto Wafundishwe Kuandika kwa Hoja

Lipo neno moja ambalo karibu kila mtoto wetu hujua kuliandika barabara amalizapo shule, nalo ni "Naomba". Huandika kuomba ruhusa, huandika kuomba nafasi, huandika kuomba kazi, huandika kuomba radhi. Kuomba si vibaya, mwungwana huomba. Lakini leo twataka kusema juu ya neno jingine ambalo watoto hawafundishwi vya kutosha, nalo ni "kwa sababu".

Ndugu zetu wafanyakazi watatuelewa upesi. Tuchukue mfano wa mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka kumi. Siku moja anapewa barua: ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua, maana mali imepotea katika zamu yake. Usiku ule hakuwapo kazini; alikuwa amelazwa hospitali, na cheti anacho. Anakaa chini na karatasi. Anaandika nini? "Naomba radhi kwa yaliyotokea, sitarudia tena." Cheti kimebaki mfukoni. Tarehe haikutajwa. Barua inawekwa katika faili, na tangu siku hiyo inakuwa ushahidi wa kosa ambalo mtu yule hakulifanya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri athibitishe kwamba alimwachisha mtu kazi kwa haki. Iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake huko. Ngao hiyo si haba. Lakini sheria haimwandikii mtu barua. Mwenye kuandika ni yeye mwenyewe, peke yake, usiku, kwa mkono ule ule uliofundishwa insha katika darasa la tano. Twaweza kuwalaumu waajiri, na siku nyingine tutawalaumu, maana wamo wanaostahili. Leo twalilaumu daftari la insha.

Enyi wazazi, lifungueni daftari la insha la mtoto wenu. Mtakuta "Safari niliyoipenda", "Faida za ng'ombe", "Siku nisiyoisahau". Mtakuta pia methali, nyingi mno, kwa kuwa mtoto amekwisha jua kwamba methali huleta alama. Sisi twazipenda methali kama apendavyo kila Mswahili, lakini methali si ushahidi. Mtoto aandikapo kwamba mfuko wa shule umeibwa na mlinzi kwa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hajathibitisha kitu. Amemtia mtu mashakani kwa maneno matamu. Tena methali zenyewe hugombana. Haraka haraka haina baraka, twasema. Na papo hapo twasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu mwema angewapa watoto methali hizi mbili pamoja, akawauliza: mgonjwa wa kipindupindu yuko nyumbani, ni ipi ifaayo? Mtu amekuletea karatasi ya kuuza shamba, anataka utie sahihi kabla ya jua kuchwa, ni ipi ifaayo? Hapo methali ingeanza kufanya kazi badala ya kuwa pambo.

Hatuwatupii walimu lawama yote. Mwalimu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja akiwapa insha ya kurasa mbili, amejipa kurasa mia na sitini za kusoma kwa taa usiku. Na kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa kuchagua herufi na kuitia kivuli. Mtoto aliyetia kivuli herufi C hakuulizwa na mtu kwa nini C. Kisichoulizwa katika mtihani hufundishwa mara chache, na Mwalimu Nyerere alikwisha kulionya taifa juu ya jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, aliposema kwamba elimu yetu imjenge mtu mwenye akili ya kuuliza, awezaye kujifunza kwa wengine na kukataa kisichomfaa.

Sisi wenyewe tulilelewa katika shule ya misheni, na hatuoni haya kusema kwamba mengi mema tuliyapata huko. Lakini katekisimu tuliisoma kwa swali na jibu, na jibu lilikuwa moja. Mtoto aliyeuliza swali lisilokuwamo kitabuni alitumwa kuchota maji. Ajabu ni kwamba Biblia iliyokuwa juu ya meza ile ile imejaa watu waliojua kutoa hoja. Nabii Nathani alitumwa kumkemea mfalme Daudi, ambaye alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe kwa hila vitani. Hakumtukana mfalme, wala hakumlambisha asali. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akaghadhibika, akamhukumu tajiri yule. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu aliyehukumiwa ni yeye mwenyewe mfalme. Ndugu zetu Waislamu nao wanakijua kisa cha Nabii Ibrahimu, aliyevunja masanamu yote akaliacha lile kubwa, kisha watu walipomjia juu akawaambia waliulize hilo kubwa kama lasema. Visa hivi watoto wetu huvijua kwa moyo. Hakuna aliyepata kuwaambia kwamba ndani yake mna somo la uandishi.

Wako wanaodhani kwamba ufundi huu ni anasa ya wasomi wa Ulaya. Tuwakumbushe habari ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili walowezi wapate kufugia ng'ombe wao. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wangeweza kushika mikuki, na sababu walikuwa nayo. Walishika kalamu. Waliandika malalamiko yao kwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet hata New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akaieleze dunia.

Fikirini kazi iliyokuwa mbele yao. Waliokuwa wakiandikiwa ni wajumbe wa nchi za mbali, na wengine hawakupata hata mara moja kulisikia jina la Meru. Kuandika kwamba Mzungu ni mbaya kusingefaa kitu, kwa kuwa wengi wa wajumbe wale walikuwa Wazungu. Lakini lilikuwapo jambo ambalo Uingereza yenyewe ilikwisha kulikubali: mkataba wa udhamini wa Tanganyika, ambao katika ibara yake ya 8 ulimtaka mdhamini aheshimu haki za wenyeji juu ya ardhi. Mwenye mkataba huo mkononi hana haja ya matusi. Huuliza tu: je, hivi ndivyo mlivyoahidi?

Je, walishinda? Siku ile hawakushinda. Kura katika Mkutano Mkuu hazikufikia theluthi mbili zilizotakiwa, na ardhi haikurudishwa. Twalisema hili waziwazi ili mtoto asidanganywe kwamba hoja njema hushinda kila mara. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu mambo aliyoyaona, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 walikuwako watu waliokwisha kujua kwamba Mwafrika aweza kumwita mtawala wake mbele ya dunia akajibu. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwezi Machi 1955, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Basi kazi hii hufundishwaje kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja? Si kwa kumwandikia kanuni ubaoni. Tuseme shule haina maji, na wasichana hutoka katika kipindi cha kwanza kwenda kuchota mtoni. Watoto wanaambiwa waandike barua ya kutaka kisima. Barua ya kwanza itakuwa hii: "Tunaomba sana mtusaidie kisima kwa sababu maji ni uhai." Mwalimu asiikosoe tahajia kwanza. Aulize: barua hii yamwendea nani? Mwenyekiti wa kijiji, au mkurugenzi wa halmashauri? Nani kati yao aweza kweli kukata shauri? Na huyo mtu, je, hajui kwamba maji ni uhai? Anajua. Basi mwambieni asilolijua.

Hapo watoto hupewa saa na daftari. Kwa siku kumi za masomo wahesabu ni wasichana wangapi wanatoka, na ni dakika ngapi zinapita kabla hawajarudi. Wapime njia kwa hatua. Wamwulize mganga wa zahanati, kwa heshima, kama watoto wanaokunywa maji ya mto ule humjia wakiumwa matumbo. Wakirudi darasani wana kitu cha kuandika. Hawana haja ya maneno makubwa tena, kwa kuwa hesabu inasema.

Kisha mwalimu aulize swali ambalo twaliona kuwa ndilo kiini cha somo zima: huyu mkubwa atawajibu nini? Watoto wanajua. Atasema fedha hakuna. Vema, liandikeni jibu lake ndani ya barua yenu kwa haki, kama angaliandika mwenyewe, wala msilipotoshe. Halafu lijibuni. Labda wazazi wako tayari kuchimba na kufyatua matofali, na kinachotakiwa kwa halmashauri ni pampu tu. Labda jibu hamnalo. Basi ombeni kitu kidogo zaidi. Mtoto aliyepata kujiweka katika kiti cha mtu anayemkatalia, hata kwa nusu saa, amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi katika mikutano yetu hawajalijua bado.

Na yako majaribu. Katika kuhesabu, watoto watagundua kwamba baadhi ya wale wanaochelewa hawachelewi kwa sababu ya maji. Wanasimama njiani kucheza. Wafanye nini? Wakiwahesabu pamoja, barua itakuwa na idadi kubwa. Wakiwatoa, idadi itapungua. Hapo ndipo mwalimu mwema hutambulika. Awaambie wawatoe, na waandike kwamba wamewatoa. Mkubwa akisoma hivyo ataamini yaliyobaki, na hata asipoamini, watoto watakuwa hawakusema uongo.

Mwisho barua ipelekwe. Barua isiyopelekwa ni mchezo wa kuigiza, na watoto hutambua mara moja wanapochezewa.

Kuhusu midahalo, twasema kwa kifupi. Mdahalo ni kitu kizuri ambacho tumekiharibu kwa mada zake. "Ipi bora, elimu au mali?" "Mwalimu na daktari, nani zaidi?" Mada hizi zina umri mkubwa kuliko walimu wanaozitoa, na hakuna mtu atakayefanya lolote kwa sababu ya jibu lake. Matokeo ni kwamba mshindi ni mwenye sauti. Shule ina nusu eka. Je, ipandwe mahindi au miti ya matunda? Mada hiyo ni ndogo, lakini kesho yake jembe litaingia ardhini mahali fulani, na atakayekuwa amekosea atajulikana wakati wa mavuno.

Ngonjera nazo zataka maneno mawili. Marehemu Mathias Mnyampala alitufanyia kazi kubwa, na ngonjera zake zimewafundisha watoto wengi kusimama mbele za watu na kusema Kiswahili kilichonyooka. Lakini katika ngonjera nyingi za mashuleni asiyejua hubisha kidogo, mjuzi humweleza, na asiyejua hushukuru. Mtoto anayeghani upande wa asiyejua amepewa makusudi hoja dhaifu. Tungependa kuona siku moja ngonjera ambayo pande zote mbili zimepewa nguvu sawa, na watazamaji wakaenda nyumbani wakiendelea kubishana njiani.

Wazee watatuuliza: mnataka watoto wabishane na wakubwa? Swali hili si la kudharauliwa, maana adabu ni nguzo ya nyumba zetu. Lakini adabu ni kitu kimoja na woga ni kingine. Binti aliyefaulu kwenda sekondari, kisha akasikia kwamba posa imekwisha kuletwa, ana njia gani? Aliyefundishwa kunyamaza atanyamaza. Aliyefundishwa kutukana atatukana, na fimbo itajibu. Lakini yuko binti wa tatu, ambaye atasema, "Shikamoo baba," apige goti kama alivyolelewa, kisha amweleze baba yake jambo moja baada ya jingine: miaka iliyobaki ni mingapi, gharama ni kiasi gani na zitatoka wapi, dada yake aliyeolewa mapema yuko katika hali gani leo, na kile ambacho baba anakiogopa kitazuiwaje. Huenda baba akakataa. Lakini hatasema kwamba binti yake hana adabu, na usiku ule hatalala vizuri.

Wako pia watakaosema kwamba ulimi wa kushawishi ni silaha, na silaha hapewi mtoto. Hawa twakubaliana nao nusu. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitufasiria kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, nasi twaona kwamba hakuna kitabu kiwezacho kufundisha jambo hili zaidi ya hicho. Bruto anawaeleza watu sababu ya kumwua Kaizari, nao wanamkubali. Baada yake anapanda Antonio akiwa na maiti, na joho lililotobolewa, na wasia, na kila mara akidai kwamba hakuja kuwachochea. Umati ule ule unageuka, unakwenda kuchoma nyumba, na njiani unamwua mshairi asiye na hatia kwa kuwa jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji. Umati ule haukukosa hisia. Ulikosa mtu wa kuuliza: katika yote tuliyoambiwa, ni lipi lililothibitishwa?

Mtoto wa leo hangoji kwenda sokoni kumsikia Antonio. Yumo katika simu ya baba. Anaambiwa kwamba dawa hii yaponya maradhi yote, kwamba kwa kubashiri mpira atapata gari, kwamba asiposambaza ujumbe huu kwa watu kumi mkosi utamfika. Wenye kuandika maneno hayo wamesoma sana ufundi wa kushawishi, na hulipwa kwa kazi hiyo. Ikiwa sisi hatutamfundisha mtoto jinsi hoja inavyotengenezwa, atabaki mnunuzi wa hoja za wengine. Anayejua kushona huona upesi mshono mbovu.

Sasa tuje nyumbani, yaani katika Chama. Wanachama wenzetu wengine, hasa wenye vyeo, wataikubali makala hii mpaka hapa, kisha watakunja uso. Mtoto aliyefundishwa kuuliza "kwa sababu gani?" hatauliza waajiri peke yao. Atakuja katika tawi, atauliza mchango wa ujenzi wa zahanati uliokusanywa umefika wapi, na atakuwa na hesabu katika daftari.

Twasema: na aje. Mwaka 1962, katika Tujisahihishe, Mwalimu aliwakaripia wanachama waliokuwa wakipima wazo kwa kumtazama aliyelitoa, kama ni mwenzao au si mwenzao, badala ya kulipima wazo lenyewe. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno na kudharau watu. Wafanyakazi viwandani waliishika ibara ile, wakaitaja mbele ya mameneja waliokuwa wakiwatukana. Wakubwa wengine hawakupendezwa, wakaona kwamba maneno ya Chama yamechukuliwa kwa uzito kupita kiasi. Sisi twaona kwamba hakuna heshima kubwa zaidi ambayo chama chaweza kupata kuliko wanachama kuyashika maneno yake na kumdai nayo kiongozi. Ukubwa jaa, asiyetaka kutupiwa asiombe cheo.

Tena tuna haja yetu wenyewe katika jambo hili, wala hatuifichi. Barua za wasomaji hutufikia, na nyingi tunaziweka kando kwa masikitiko, si kwa sababu zinatulaumu, bali kwa sababu hazina kitu cha kuchapwa. Mtu ameonewa kweli, yaonekana katika mwandiko wake; lakini hakutaja mahali, hakutaja siku, hakusema anataka nini kifanyike. Ameandika kurasa nne za hasira. Kama angefundishwa akiwa mdogo, ukurasa mmoja wake ungalimtoa mkubwa mmoja ofisini.

Kwa hiyo twawaomba walimu, na hapa twatumia neno "naomba" kwa haki yake, watuletee barua za wanafunzi wao zilizoandikwa kwa hoja. Mwanafunzi achague jambo la kweli la shule yake au kijiji chake, na mtu wa kweli mwenye uwezo wa kulitenda. Tutazichapa zilizo bora katika ukurasa huu, pamoja na zile zinazolilaumu gazeti hili au tawi la Chama, mradi zina ushahidi. Na makatibu wa matawi watakaoandikiwa twawataka wajibu kwa maandishi, hata kama jibu ni la kukataa, na waeleze sababu, maana majibu yao tutayachapa pia. Barua isizidi ukurasa mmoja, na iwe kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Makosa ya tahajia tutayasahihisha sisi.